"Risasi ya Mkono" Si Hoja

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai mosi, na kila msimu huja na majigambo yaleyale. Mgeni anafika kambini, anafungua sanduku, anatoa boksi la plastiki lenye risasi zilizopangwa kila moja kwenye tundu lake, kisha anatangaza kwamba amezipakia mwenyewe nyumbani kwake, tena maganda yote ameyakata urefu kwa kifaa cha kuzungusha kwa mkono. Mashine ya umeme hakuigusa. Wenzake wanatikisa vichwa kwa heshima. Mwindaji bingwa, ambaye hana sababu ya kumkosoa mteja aliyelipa maelfu ya dola, naye anatikisa. Dereva anawatafsiria walio nyuma ya gari. Msimu ukiisha maneno hayo yanarudi na vijana hadi vijiweni, kuanzia Itigi na Manyoni mpaka Issuna huku Ikungi, na yakifika yameshageuka sheria: risasi ya kweli ni ya mkono, ya mashine ni kazi ya kulipua.

Mimi nasema sheria hiyo ni ya uongo, na kwamba uongo wenyewe una hatari kwa watu wetu.

Najua swali la kwanza litakalokuja. Issuna na mashine ya kukatia maganda ya risasi wapi na wapi? Kijiji kiko kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Manyoni, watu wanalima alizeti, mtama na uwele, wanafuga ng'ombe na mbuzi, na sijasikia mtu mwenye benchi la kupakia risasi uani kwake. Asiwepo, pia. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo na anayetengeneza risasi bila kibali, na makala haya hayamshauri mtu kujaribu. Lakini kusini mwa mkoa wetu huuhuu yako Mapori ya Akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yenye vitalu vya uwindaji, na kambi za huko haziendeshwi na wageni peke yao. Anayetangulia mbele akisoma nyayo za nyati ni mtu wa huku. Mbeba maji ni wa huku. Askari wa wanyamapori anayesindikiza msafara naye huenda kwao ni tarafa ya jirani. Bunduki ya mgeni ikigoma wakati nyati aliyejeruhiwa anatoka kichakani, hao ndio waliosimama kati ya pembe na mwenye bunduki. Kwa hiyo namna maganda yale yalivyokatwa, huko Texas au Bavaria, ni habari yao kabla haijawa habari ya mtu mwingine yeyote.

Basi tuitazame kazi yenyewe, maana wanaoisifu mikono mara nyingi hawasemi mikono ilikuwa inafanya nini.

Ganda la risasi ni la shaba ya manjano. Bunduki ikifyatuliwa, ganda hutanuka likakumbatia kuta za chemba. Ili litumike tena husukumwa ndani ya dai, yaani kalibu ya chuma kigumu inayolirudishia umbo, na humo shaba iliyobanwa kutoka ubavuni hutafuta pa kwenda ikatambaa kuelekea mdomoni. Ganda linarefuka. Kwa .375 H&H, aina iliyotolewa mwaka 1912 na ambayo hadi leo ndiyo maarufu kuliko zote kwa nyati wa Afrika Mashariki, ganda halitakiwi kuzidi milimita 72.39, na kwa kawaida hukatwa lirudi kwenye 72.14. Tofauti ni robo ya milimita. Likizidi, mdomo wake hugota mwisho wa chemba, hubanwa juu ya kichwa cha risasi, kichwa kinakosa kuachiliwa kwa wakati, na mgandamizo wa gesi unapanda kupita kiasi ambacho bunduki iliundwa kukistahimili.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kukata, na kila kitabu cha upakiaji huitaja. Ya pili hutajwa kwa haraka, ingawa kwa bunduki kubwa ndiyo inayoleta balaa zaidi. Kichwa cha .375 cha kawaida kina uzito wa gramu 19 na ushei, na bunduki inayokirusha hupiga teke la kweli. Teke hilo huzirusha risasi zilizobaki kwenye magazini, ncha zake zikagonga ukuta wa mbele, na kidogo kidogo vichwa vikazama ndani ya maganda. Dawa yake ni kuubinya mdomo wa ganda kwenye mfereji uliochongwa ubavuni mwa kichwa. Sasa dai la kubinyia limefungwa mahali pamoja, halipandi wala halishuki. Ganda fupi likipita hapo halibinywi vya kutosha. Ganda refu linabinywa kupita kiasi mpaka shaba inakosa pa kukimbilia na shingo au bega linavimba. Ukilitazama huoni kitu. Vimbe lenyewe ni jembamba kuliko unene wa karatasi. Utalijua siku unasukuma bolti na bolti inakataa kufunga.

Ndiyo maana maganda hukatwa: yalingane. Na katika yote hayo, chemba haijui kama aliyezungusha kikatio ni kiwiko au ni mota.

Kifaa cha mkono kimeundwa kama mashine ndogo ya kukerezea. Ganda linabanwa kitakoni, kipini kinaingia mdomoni kulishikilia katikati, unazungusha kishikio, nyuzi nyembamba za shaba zinadondoka mezani, mpaka kikatio kigote kwenye kizuizi. Unalegeza, unalitoa. Mdomo umebaki na makali yanayoweza kukwaruza kidole na kukwaruza kichwa cha risasi, kwa hiyo unachukua kifaa cha pili kuchonga ukingo wa ndani na kukigeuza kuchonga wa nje. Kisha ganda linalofuata. Ya umeme inafanya mwendo uleule, na zile nzuri zina kisu kilichopangwa pande tatu: unapoligandamiza ganda dhidi yake, urefu unakatwa, ukingo wa ndani unachongwa, wa nje unachongwa, na ganda limetoka kabla hujamaliza kuvuta pumzi mbili.

Usahihi wote wa kazi hii umekaa kwenye kile kizuizi. Kizuizi ni chuma kilichofungwa kwa skrubu, nacho hakina habari na nani anazungusha. Tofauti inakuja kwenye nguvu inayolisukuma ganda kukifikia. Mkono ukiwa freshi, ganda la kwanza na la kumi yanafika pale pale. Lakini risasi hazipakiwi kumi. Mtu anayejiandaa kwa safari ya Afrika hufanya mazoezi miezi kadhaa, anakata maganda mia, mia mbili. Kufika katikati vidole vimekufa ganzi, kiganja kimeota lengelenge, na anaanza kuhisi kikatio kimegota wakati bado kidogo tu. Akipima kwa kalipa angeona, lakini aliyechoka kuzungusha ndiye huyohuyo aliyechoka kupima. Mashine hailegezi mkazo kwa sababu ya usingizi.

Watu wa Singida hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa bunduki. Mwaka 1985 Carl Bielenberg alibuni hapahapa Tanzania mashine ya mkono ya kukamulia mafuta, ile yenye mpini mrefu unaoshushwa na kupandishwa, na iliwafaa sana wakulima wa alizeti mahali ambako nguzo za umeme zilikuwa hadithi. Hakuna mwenye akili atakayeibeza. Lakini waliopiga ule mpini kutwa hawakuwahi kudai kwamba mafuta ya mkono yana utukufu wa aina yake. Walisema mabega yanauma. Umeme ulipofika kijijini walihamia kwenye mota siku hiyohiyo, na hakuna aliyetunga utenzi wa kuuaga mpini. Mapenzi ya kazi ya mkono huwapata zaidi wale ambao hawalazimiki kuifanya.

Nimeanza na uchovu kwa sababu hoja kubwa imejificha humo. Katika kupakia risasi kuna kazi ambayo hakuna mota inayoweza kuifanya, nayo ni kukagua. .375 H&H ina mkanda, ukingo mnene uliotuna kuzunguka kitako cha ganda, na ni mkanda huo unaolizuia ganda lisizame ndani ya chemba. Kwa kuwa mkanda unashika, watengenezaji wengi waliacha nafasi mbele ya bega. Bunduki ikilia, bega linarushwa mbele kujaza nafasi hiyo. Dai likilirudisha nyuma kila mara, shaba inavutwa na kunyooshwa mahali palepale, mbele kidogo ya mkanda. Baada ya kufyatuliwa mara kadhaa panakuwa pembamba. Kwa nje hutokea duara jembamba linalong'aa, rangi yake ikitofautiana kidogo na shaba ya jirani. Kwa ndani, ukipitisha waya uliopindwa ncha na kuuvuta taratibu ukutani, waya unaingia kwenye kijifereji na kunasa. Ganda hilo limekwisha. Likitumika tena linaweza kukatika: kitako kinatoka na bolti, nusu ya mbele inabaki imeganda ndani ya chemba, na bunduki ya mamilioni inageuka rungu katikati ya pori.

Kuling'amua duara hilo kunataka macho, mwanga na utulivu. Ndiyo kazi ya fundi. Sasa mpangie fundi siku yake: saa nzima na nyingine ya kuzungusha kishikio kwa jambo ambalo chuma kinaliamua chenyewe, kisha zile dakika za mwisho, mgongo ukiwa umepinda na chakula kimepoa, ndipo aanze kutafuta duara la kung'aa kwenye ganda la mia na sitini. Huo ndio mpangilio ambao wasifiaji wa mkono wanauita umakini. Mimi nauita kuchezea umakini mahali usipohitajika na kuukosa mahali unapookoa roho ya mtu. Mashine ikimaliza kukata mapema, mpakiaji anabaki na macho yake.

Watanijibu kwa historia, maana hapo ndipo wanapojiona wameshika mpini: mabwana wakubwa wa zamani hawakuwa na mashine za umeme. Kweli. Ila hawakuwa na vifaa vya mkono vya kukatia maganda pia, kwa sababu hawakuwa wakikata maganda. W. D. M. Bell, Mskoti aliyezunguka Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya elfu, aliwaua wengi wao kwa Rigby ya .275, bunduki ndogo ambayo leo askari wa wanyamapori angekucheka ukimletea kwa tembo. Risasi zake zilitoka kiwandani Ujerumani, DWM, za aina ileile iliyotengenezwa kwa ajili ya majeshi. Zilikatwa na kubinywa na mitambo, kwa mamilioni. Alizipenda kwa sababu kila moja ilikuwa sawa na iliyotangulia, na bunduki nyingine aliziweka kando kwa sababu risasi zake hazikuaminika. Wenye bunduki za mitutu miwili walinunua za Kynoch, zilizotoka kwenye kiwanda cha Witton, Birmingham. Hakuna mkono wa bwana yeyote ulioyanyoa maganda yale kwenye mwanga wa koroboi kando ya Ruaha.

Ukitaka mwindaji aliyepakia kwa mkono kweli, rudi nyuma hadi kwa Frederick Selous, yuleyule aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na ambaye jina lake lilibebwa na pori la akiba kubwa kule Rufiji. Ujanani aliwinda tembo kwa bunduki pana za kushindiliwa mdomoni, na baruti aliichota kwenye mfuko wa ngozi kwa kiganja. Mwenyewe alieleza jinsi siku moja bunduki ilivyogoma, msaidizi akaishindilia mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza bila kujua, na ilipokubali kulia ikamrusha juu na kumwangusha chini, akaumia. Lawama zikamwendea msaidizi, kama ilivyo ada. Hiyo ndiyo risasi ya mkono tunayoambiwa tuililie. Na wala hatuhitaji Mwingereza atukumbushe, kwa sababu gobore bado liko kwetu. Vipande vya nondo vinachukua nafasi ya risasi, baruti inapimwa kwa kukadiria, na kila anayelijua anamjua pia mtu aliyepoteza kidole au jicho. Hakuna silaha katika mkoa wa Singida iliyopakiwa kwa mkono zaidi ya hiyo, na sijawahi kusikia mtu akiisifia kwa usahihi.

Ibada ya benchi la nyumbani ilikuja baadaye, tena kwa shida. Kufikia miaka ya 1970 Kynoch walikuwa wameacha kutengeneza risasi za bunduki zile kubwa. Biashara nayo iliendelea kukauka: Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973 hadi 1978, na Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, marufuku ambayo ipo mpaka leo. Wenye bunduki za babu zao walibaki na vyuma visivyo na chakula, ndipo wakajifunza kulisha wenyewe. Heshima yao wanastahili. Lakini walitumia mkono kwa kukosa, na aliyepata mashine aliitumia. Kuigeuza dhiki yao kuwa kanuni ya ubora ni kuwasingizia.

Kuna hoja mbili za upande wa pili ninazoziheshimu, na sitazipita pembeni.

Ya kwanza husema mashine huzidisha kosa: ukiifunga vibaya, umeharibu mia moja kabla hujanywa chai. Ni kweli, na yaweza kuwa mbaya kuliko wanavyosema. Baadhi ya mashine hazipimi kutoka kitakoni, zinapima kutoka begani. Ganda linaingizwa kichwa chini, bega likigota ndipo kisu kinakata. Kwa maganda yenye bega lililosimama vizuri, kama .30-06, hilo halina shida. Kwa .375 H&H, ambayo bega lake limelala kiasi kwamba linafanana zaidi na mteremko, kipimo kinategemea kabisa dai lililirudisha bega wapi. Aliyekaza dai leo na kulilegeza kesho, mashine itamkatia urefu wa leo na urefu wa kesho, tena kwa uhodari. Na .458 Winchester Magnum, risasi nyingine ya wanyama wakubwa, haina bega kabisa, kwa hiyo mashine ya namna hiyo haina pa kushika. Lazima ipatikane ile inayolishika ganda kitakoni.

Yote hayo nayakubali, na bado hoja haisimami. Kosa la mashine ni kosa moja lililorudiwa. Pima ganda la kwanza na umelikamata. Pima la kumi kuhakikisha, na umelifunga. Kosa la mkono hubadilika: la kumi na saba limezidi, la arobaini limepungua, la arobaini na moja liko sawa na linakudanganya kwamba yote yako sawa. Ili kulikamata lazima upime yote, bila kuruka, na kwa uaminifu ambao nimeshaeleza unaishia wapi. Fundi yeyote wa gereji pale Singida mjini atakwambia bora spea zilizokosewa kwa namna moja kuliko zilizokosewa kila moja kivyake, kwa sababu za kwanza unajua cha kufanya nazo. Tena ile ya kupima kutoka begani inamlazimisha mpakiaji kulifunga dai lake mahali pamoja na kuliacha. Mkono humstahi mzembe. Mashine humuumbua ganda la kwanza tu.

Hoja ya pili ni ya .458 Winchester Magnum, na kila mzee wa kambini anaijua kwa namna fulani. Winchester waliitoa mwaka 1956, risasi ya kiwandani, rahisi, ya kuwarithi Waingereza. Ganda lake ni fupi, milimita 63.5, na baruti ilibidi ishindiliwe humo mpaka ikawa ngumu. Zilizokaa muda mrefu baruti yake iligandamana ikawaka nusunusu, na wawindaji wakaona risasi zinazokosa nguvu ya kupenya kwa mnyama asiyesamehe. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, ndiye aliyekuja na .458 Lott mwaka 1971, yenye ganda la milimita 71.1. Basi, wanasema, si unaona? Kiwanda na mitambo yake kilishindwa, mpakiaji wa nyumbani akaokoa.

Hapo wanachanganya mambo mawili. Mashine iliyokata maganda ya .458 haikufanya kosa lolote. Yalikuwa na urefu ule hasa ulioandikwa kwenye mchoro. Mchoro ndio uliokuwa na tatizo, uliohitaji baruti nyingi kuliko nafasi iliyokuwepo. Lott hakutatua jambo kwa kuzungusha kishikio kwa upendo zaidi. Aliongeza karibu milimita nane za nafasi, yaani alibadilisha kipimo. Na leo .458 Lott inatengenezwa viwandani, na maganda yake yanakatwa na mitambo kama mengine yote.

Kuhusu umeme kukatika, ambako wengine hukimbilia hoja zote zikiisha, sina maneno mengi. Drili ya betri inaendesha kikatio vizuri tu, betri ya gari pia, na anayepakia risasi hapakii akiwa anakimbizwa.

Linabaki jambo la raha. Mtu anasema: mimi napenda, inanituliza, jioni nakaa na benchi langu na redio. Apende. Hakuna anayemnyang'anya kishikio. Lakini raha yake asiitoe kambini kama cheti cha ubora, na wetu wasiipokee kama cheti. Mashirika mengi ya ndege yanamruhusu abiria kilo tano tu za risasi; katika kilo hizo tano anakuja nazo zote atakazotumia dhidi ya nyati, na hakuna ofisa kiwanja cha ndege anayepima urefu wa maganda. Wanahesabu, wanalinganisha na kibali, wanapiga muhuri. Ukaguzi wa kiufundi, kama utafanyika popote, utafanyika Rungwa.

Na kuufanya ni rahisi kuliko kubishana. Siku ya kwanza kila mgeni hupelekwa kulenga shabaha kuhakikisha darubini haikuhama safarini. Siku hiyohiyo, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, kila risasi atakayokwenda nayo porini ipite kwenye chemba ya bunduki yake: iingie, bolti ifunge bila kulazimishwa, itoke. Inayogoma ibaki kambini. Kisha aulizwe maganda yamefyatuliwa mara ngapi. Anayejua atajibu papo hapo, kwa sababu anayepakia kwa makini huandika. Anayeanza kueleza jinsi alivyoyakata kwa mkono, moja moja, hajajibu swali, na msaka nyayo wa Issuna ana haki ya kulisikia jibu hilo likitafsiriwa kabla hajatangulia mbele.

Huwa naambiwa kwamba hilo litamkera mteja. Huenda. Basi atazamwe mwindaji bingwa mwenyewe, yule aliyekuwa anatikisa kichwa. Bunduki yake ya kuokolea, ile anayoibeba kwa ajili ya sekunde ambayo mgeni amekosa shabaha na nyati anakuja, kwa kawaida ina risasi za boksi la kiwandani, zilizokatwa na mtambo ambao hajawahi kuuona na hana haja ya kuuona. Mgeni akikataa zake zipimwe, boksi la namna hiyo limo stoo ya kambi, na bei yake iongezwe kwenye ankara.